Vumbi Limerudi Uwanjani: Mbio za Kwanza Ndani ya Wario Stadium Mpya

Imerudi! Wario Stadium, njia ya mbio ya gemu ya Mario Kart, imerudi, na imerudi na vumbi lake, matuta yake na miruko yake, na mimi naandika haya pedi ikiwa bado mapajani kwa sababu kusubiri hadi kesho siwezi.

Anayefuatilia Mario Kart anajua uzito wa habari hii. Mario Kart 64 ilipotoka Japani Desemba 1996 ilikuja na njia 16 za mbio. Matoleo yaliyofuata yakawa yanazichota, yanazikarabati na kuzirudisha kwa wachezaji wapya. Mario Kart DS ikachukua 4. Ya Wii ikachukua 4 nyingine. Ya 3DS ikachukua 3. Mario Kart 8 ikaja mwaka 2014 ikabeba 4 za mwisho, ikiwemo Rainbow Road. Piga hesabu: 15. Njia moja tu iliachwa nje mwaka hadi mwaka, na njia hiyo ndiyo Wario Stadium, ile ya vumbi. Wengine walidhani ilisharudi kwa sababu Mario Kart DS nayo ina Wario Stadium, lakini ile ni njia nyingine kabisa inayotumia jina hilohilo. Yenyewe, ile ya 1996, ilikaa zaidi ya miaka 28 bila kuguswa. Mario Kart World, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 pamoja na mashine mpya ya Nintendo Switch 2, ndiyo imelipa deni hilo.

Mashine niliyochezea imeletwa na binamu yangu anayefanya kazi Dubai. Hapa Singida mjini vibanda vya gemu karibu vyote ni PlayStation, na ndani ya PlayStation ni mpira, mpira, mpira. Siwalaumu. Mkoa una Singida Black Stars kwenye Ligi Kuu, una Uwanja wa Liti ambao wengi bado tunauita Namfua, na kijana akishika pedi anataka kufunga goli. Kwa hiyo kwa ambaye hajawahi kuiona, Mario Kart ni mbio za vigari vidogo vya wazi ambamo dereva anaokota silaha njiani: ganda la ndizi la kumtelezesha aliye nyuma, gamba jekundu la kumfuata aliye mbele, uyoga wa kukupa kasi ya ghafla, na radi inayowafanya wenzako wote wawe wadogo. Sheria unazijua ndani ya dakika moja. Kuzishinda ndiyo kazi.

Sasa sikiliza kuhusu uwanja wenyewe wa zamani, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuona kwa nini watu wazima wanashangilia. Wario Stadium ya Nintendo 64 ilikaa kwenye Kombe la Nyota. Ilikuwa ndefu, miongoni mwa njia ndefu kuliko zote katika gemu ile, na ilikuwa udongo mwanzo mwisho. Ilijikunja ndani ya kuta za uwanja kama utumbo, ikajaa vituta vinavyofuatana ambavyo viliufanya usukani ukatae amri. Kulikuwa na skrini kubwa ya uwanjani iliyoonyesha mbio zako mwenyewe zikiendelea, jambo lililowaduwaza watu mwaka ule. Halafu kulikuwa na mruko. Karibu na mwisho wa mzunguko gari lilipaa juu ya sehemu nyingine ya njia iliyopita chini yake. Ukivuka salama, mambo safi. Lakini mwenzako akipiga radi ukiwa hewani, ulipungua kasi, ukaanguka kwenye njia ya chini, ukajikuta umerudishwa nyuma sehemu kubwa ya mzunguko. Kuna marafiki walionuniana kwa sababu ya radi ile. Na walikuwepo mafundi wa kutafuta sekunde waliogundua kwamba karibu na mstari wa kuanzia unaweza kurukia ukuta na kuangukia upande wa pili, ukakata karibu mzunguko wote. Njia nyingi za gemu zina kona nzuri na picha nzuri. Hii ilikuwa na visa.

Ila si visa vinavyonifanya niipende. Naipenda kwa ajili ya udongo.

Fikiria jinsi mbio nyingi za kwenye skrini zinavyoitendea ardhi. Lami ndiyo njia. Ukitoka nje ya lami ukagusa majani, mchanga au vumbi, gari linakufa mikononi mwako, kasi inashuka, wenzako wanakupita. Ardhi imewekwa pale kama adhabu ya mkosaji. Mchezaji anafundishwa tangu dakika ya kwanza kwamba vumbi ni kosa. Uwanja wa udongo unageuza fundisho hilo lote: vumbi ndiyo barabara yenyewe, hakuna lami ya kukimbilia, na anayeshinda ni yule anayejua kuisoma ardhi. Mtu aliyekulia huku kwetu analielewa jambo hili kabla hajaambiwa. Barabara kuu za Dodoma, Mwanza na Arusha zina lami, lakini ukiacha tu lami kuelekea vijijini, iwe Ikungi, iwe Mkalama, iwe Itigi, unaingia kwenye rafu rodi: mchanga unaovuta tairi kando, moramu iliyochongwa na greda mwaka juzi, mawe makubwa ya matale yamekaa pembeni kama yanatazama, korongo lililokatwa na mvua za masika. Dereva wa bodaboda anayebeba gunia la alizeti kwenye njia hiyo anaendesha kwa makalio na mabega kabla ya mikono. Anajua wapi mchanga ni mwepesi, wapi akikanyaga breki amekwisha. Na madereva wa malori wa zamani bado wanasimulia mteremko wa Sekenke kule Iramba ulivyokuwa kabla ya lami.

Hisia hiyo nimeikuta ndani ya Wario Stadium mpya.

Dakika ya kwanza tu unaisikia. Gari likiingia kwenye udongo mlio wa matairi unabadilika, pedi inaanza kutetemeka mkononi kwa mitetemo midogomidogo inayokwenda na kila tuta, na mkia wa gari unalegea. Unalegea, lakini haukutoroki! Hapo ndipo mafundi wa Nintendo wamefanya kazi ya kupigiwa makofi. Ukikata kona kwa kudrifti, gari linaserereka kwa upana kuliko kwenye lami, vumbi linapaa upande wa nje, cheche za buluu zinatokea chini ya matairi, halafu za machungwa, halafu za zambarau ukivumilia zaidi, na ukiachia kitufe unarushwa mbele kama umesukumwa. Kila kona inakuuliza swali moja: utavumilia hadi cheche zipi kabla ya tuta linalofuata kukuvuruga?

Na matuta hayo, ndugu msomaji, ndiyo asali yenyewe. Katika gemu ya 1996 vituta vile vilikuwa usumbufu wa kuvumilia. Sasa vimegeuzwa kuwa mtaji. Ukibonyeza kitufe pale gari linapoacha kilele cha tuta, dereva wako anafanya mbwembwe hewani na ukitua unapewa kasi ya ziada. Tuta moja, mbwembwe, kasi. Tuta la pili, mbwembwe, kasi. Ukipata mdundo, unavuka mstari mzima wa vituta bila tairi kukaa chini kwa muda mrefu, na aliye kando yako ambaye hajui siri anapanda na kushuka kila bonde huku akiachwa. Ni ngoma. Ukikosa pigo moja tu, umekosa mawili yanayofuata, kwa sababu sasa unatua kwenye uso wa tuta badala ya mgongo wake. Nimeirudia sehemu hiyo hadi kidole gumba kikauma, na bado nataka kurudi.

Kuna jambo jipya pia la kuchaji mruko: ukiwa umenyooka unabana kitufe cha R, gari linajikusanya, ukiachia linaruka hata mahali pasipo na tuta. Kwa njia hiyo unaweza kupanda juu ya vyuma vya pembeni ukaviteleza, au kutembea ukutani. Kwenye njia za mjini jambo hili ni pambo. Ndani ya uwanja, ambako kuta ziko kila upande, linafungua njia juu ya njia. Nina hakika wataalamu wa sekunde hawajamaliza hata nusu ya yaliyofichwa humo.

Chagua gari kwa makini. World imeyapa magari tabia tofauti: mengine hupenda lami, mengine hupenda ardhi mbaya, mengine maji. Nilianza na gari la lami kwa sababu ndilo lenye sura nzuri, na lilikuwa linapigwa kikumbo na kila mtu. Nilipohamia kwenye gari la matairi manene ya ardhi mbaya nilihisi kama nimebadilishiwa njia. Na dereva? Dereva ni Ng'ombe! Ndiyo, ng'ombe yule wa malishoni ambaye kwenye matoleo ya nyuma alikuwa kizuizi tu, sasa amepewa usukani, na tangu Nintendo walipomwonyesha kwa mara ya kwanza dunia nzima imempenda. Katika mkoa wa wafugaji sioni sababu ya mtu kumchagua Mario wakati Ng'ombe yupo. Watoto wa mtaani kwetu walipomwona akipaa juu ya tuta, kwato mbili zimeshika usukani, walipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna goli.

Washindani sasa ni 24 kwa wakati mmoja, mara mbili ya wale 12 wa Mario Kart 8. Kwenye barabara pana wanatawanyika. Ndani ya uwanja hawana pa kutawanyikia. Kona ya kwanza inakuwa kama sokoni siku ya mnada: magamba yanaruka, maganda ya ndizi yamezagaa, mtu anapiga radi, mtu anapanda ukutani kukwepa, na wewe katikati ya vumbi unajaribu kukumbuka tuta liko wapi. Fujo hii inaufaa uwanja wa udongo kuliko njia nyingine yoyote katika gemu hii. Nasema hivyo nikiwa nimezizunguka nyingine.

Inafaa kusema kwamba wazo la kukimbiza vyombo kwenye udongo ndani ya uwanja halikuanzia kwenye skrini. Mwaka 1972, mjini Los Angeles, waandaaji walimwaga udongo ndani ya uwanja mkubwa wa Coliseum, wakaufanya matuta, wakaleta pikipiki za motokrosi mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Aliyeshinda usiku ule, Marty Tripes, alikuwa na miaka 16 tu. Hapo ndipo mchezo wa supakrosi ulipopata sura yake. Vuta picha malori ya mchanga yakiingia Liti baada ya mechi, greda likichonga matuta pale katikati, na majukwaa yamejaa! Nintendo waliliona wazo hilo mapema: mwaka 1984 walitoa Excitebike, mbio za pikipiki juu ya vilima vya udongo, na miaka 30 baadaye wakalirudisha ndani ya Mario Kart 8 kama Excitebike Arena, njia ya nyongeza ya Novemba 2014. Uwanja ule ni duara refu rahisi, lakini vilima vyake vinapangwa upya kila unapoanza mbio, hivyo huwezi kuvikariri. Naupenda sana, nao ndio uliotufundisha kwamba matuta yanaweza kuwa furaha. Kabla yake kulikuwa na Waluigi Stadium ya GameCube, mwaka 2003, yenye pete za moto na mimea inayong'ata. Ni nzuri, ina makelele ya maonyesho, ila imezidiwa na mapambo na udongo wake haukuachiwa nafasi ya kusema. Wario Stadium ya DS nayo ni hivyohivyo.

Hata Afrika Mashariki tumewahi kuliona jambo hili kwa macho. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021, hatua ya kwanza kabisa ilikimbiwa Kasarani, Nairobi, kwenye njia ya udongo ya kilomita 4.84 iliyochongwa katika eneo la uwanja wa michezo wa Moi. Magari yalikwenda mawili mawili, watu wakayaona kwa karibu, vumbi likawafunika. Sébastien Ogier ndiye aliyetwaa ushindi mwisho wa wiki ile, kilomita nyingi baadaye kule Naivasha, lakini mimi picha zangu za kudumu ni za Kasarani: gari la ubingwa wa dunia likipigana na udongo wetu mbele ya majukwaa. Mtu akiniuliza Wario Stadium inafanana na nini, namwambia katafute video za siku ile.

Nirudi kwenye skrini, maana kuna mambo mawili yananikera na lazima niyaseme.

La kwanza ni kubwa. World imejengwa kama nchi moja kubwa iliyounganishwa. Ukicheza Grand Prix, yaani mbio za kombe, baada ya mbio ya kwanza hupelekwi moja kwa moja kwenye njia inayofuata, bali unaendesha barabarani kutoka njia moja hadi nyingine. Wario Stadium iko kwenye Kombe la Ua, ya tatu, kwa hiyo unaifikia ukitokea kwenye soko la jangwani la Shy Guy Bazaar. Safari yenyewe ni tamu, na kuuona uwanja ukikua mbele yako kutoka jangwani ni jambo la kusisimua mno. Mara ya kwanza nilisimama wima. Lakini barabara hiyo inakula muda wa mbio. Ukishaingia uwanjani unapewa mzunguko mmoja tu. Mmoja! Njia iliyosubiriwa tangu 1996, yenye matuta yanayohitaji kurudiwa ndipo uyaelewe, halafu inaisha ukiwa ndiyo kwanza umeanza kupata mdundo. Dawa ipo: ingia kwenye mbio za VS, au zile za kushindana na saa, uchague mizunguko 3 ndani ya uwanja wenyewe. Huko ndiko njia inakofunguka. Nashangaa kwa nini wameificha huko.

La pili ni vumbi lenyewe. Ni zuri machoni, linapaa vizuri, lina rangi nzuri jua likiwa chini. Lakini linatua haraka mno. Vumbi la kweli la kiangazi, la mwezi wa Septemba huku kwetu wakati upepo umeanza, linaning'inia. Gari likipita mbele yako unakula vumbi dakika nzima, huoni kitu, unaendesha kwa kukumbuka. Hata kwenye Safari Rally ya kweli vumbi linaloning'inia ni adui anayehesabiwa na kila dereva. Laiti wangeliacha vumbi lizibe macho kidogo, aliyeongoza angekuwa na faida nyingine na walio nyuma wangelazimika kuchagua: kufuata kwenye njia bora bila kuona, au kutoka pembeni kwenye hewa safi. Nafasi hiyo wameiacha mezani.

Mvua, kwa upande mwingine, wameipatia. Saa na hali ya hewa vinabadilika katika nchi ile, na nimeukuta uwanja mchana wa jua kali, nimeukuta jioni, nimeukuta umelowa. Ukilowa, udongo unang'aa, taa zinajitokeza kwenye madimbwi, na njia unayoijua inakuwa na sura ya ugeni. Muziki nao! Gemu nzima ina nyimbo zaidi ya 200 zilizopangwa upya kutoka kwenye historia ya Mario, zikichezwa na wanamuziki wa kweli, na ndani ya uwanja ngoma na gitaa vinakwenda sawasawa na matuta kiasi kwamba nilijikuta nabonyeza kitufe kwa kufuata pigo.

Kuna namna nyingine ya kucheza inaitwa Knockout Tour: watu 24 wanaanza pamoja, safari ndefu bila kusimama, na kwenye kila kituo wa mwisho wanaondolewa hadi wabaki 4. Hiyo ndiyo itakayowashika vijana wa vibandani, nawaambia wenye vibanda mapema. Na ndani ya chumba kimoja watu 4 wanaweza kugawana skrini, kama ilivyokuwa enzi ya Nintendo 64 yenye matundu manne ya pedi. Umeme ukikatika, unaichomoa mashine kwenye runinga, unaendelea kuicheza mkononi kwa betri.

Bei ni ukuta, sitalificha hilo. Switch 2 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 449.99, zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya usafiri na ushuru, na gemu pekee kwa njia ya kupakua ilikuwa dola 79.99. Kwa mtu mmoja ni mzigo. Kwa kibanda chenye wateja kuanzia saa nane mchana hadi usiku, ambapo kila raundi inalipiwa, hesabu ni nyingine, na ningependa kuona mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini akijaribu.

Ukiipata, fanya hivi. Achana na Grand Prix kwanza. Ingia VS, chagua Wario Stadium, weka mizunguko 3, mchukue Ng'ombe na gari la matairi manene. Mzunguko wa kwanza usishindane na mtu, sikiliza tu matuta. Wa pili anza mbwembwe, moja kwa kila kilele. Wa tatu uwafuate. Na uyoga wako usiutumie kwenye barabara iliyonyooka kama wanavyofanya wengi. Uweke hadi kona pana kuliko zote, ukate ndani kabisa mahali ambapo udongo ni mlaini na wengine wanaogopa kupita.